Jinsi ya Kufuatilia Samaki Wachanga kwa Miaka Mingi katika Delta ya Rufiji

Mto Rufiji, ambao bonde lake lina takriban kilomita za mraba 177,000, hugawanyika kabla ya kuifikia Bahari ya Hindi na kufanya delta yenye hekta zipatazo 53,000 za mikoko, msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote ulioungana katika pwani ya Afrika Mashariki. Mkizi, mwatiko na kambamiti huzaliwa baharini, kisha wakiwa bado wadogo sana huingia katika mikono ya maji ndani ya msitu huo, wakala na kukua humo kwa majuma au miezi kadhaa kabla ya kurudi kwenye maji ya kina. Anayetaka kujua hali ya uvuvi itakuwaje baada ya mwaka mmoja au miwili, basi, hana budi kuwatazama samaki hawa wakiwa bado na urefu wa sentimita chache. Mavuno yanayofika sokoni hutoa habari zilizochelewa, tena hutegemea idadi ya mitumbwi, aina ya nyavu na bei ya mafuta, kiasi kwamba samaki wanaweza kupungua kwa miaka kadhaa bila mizani ya mwaloni kuonyesha lolote.

Haja ya kazi hii katika Rufiji imekuwa kubwa zaidi tangu Desemba 2022, ulipoanza ujazaji wa bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya kuzalisha megawati 2,115. Bwawa la ukubwa huo hubadilisha majira ya maji baridi (yasiyo na chumvi) kushuka deltani, kiasi cha tope yanayobeba, na umbali ambao maji ya chumvi yanaweza kupanda mtoni wakati wa kiangazi. Miezi michache baada ya mtambo wa kwanza kuanza kazi mwaka 2024, wilaya za Rufiji na Kibiti zilipata mafuriko makubwa. Kama samaki wachanga watapungua, wataongezeka au watahamia sehemu nyingine ya delta, hakuna atakayeweza kusema kwa uhakika asipokuwa na takwimu zilizokusanywa kwa njia ile ile kabla na baada ya mabadiliko. Muda wa kabla ya bwawa umekwisha kupita. Miaka hii ya mwanzo ndiyo iliyobaki kuwa msingi wa ulinganisho, na kila mwaka unaopita bila kupimwa haurudi tena.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maofisa uvuvi, wanafunzi wa sayansi za bahari, na wanachama wa BMU (vikundi vya wanajamii vya kusimamia uvuvi) za vijiji vya delta wanaotaka kuanzisha ufuatiliaji utakaodumu. Unaweza pia kutumika, kwa marekebisho machache, katika milango ya mito Pangani, Ruvu, Sabaki na Tana.

Kwanza, amueni mnataka kujua nini, kisha punguzeni

Swali zuri la ufuatiliaji ni fupi: je, idadi ya samaki wachanga wa spishi chache zilizochaguliwa inapanda, inashuka au inabaki ilivyo, na je, inafuata wingi wa maji ya mto? Maswali mengine, kama vile samaki wanakula nini au wanatoka wapi, ni ya utafiti wa muda mfupi, nayo yakiingizwa katika ratiba ya kila mwezi huifanya kazi iwe nzito hadi ikafa.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Ufuatiliaji mdogo unaofanywa bila kubadilishwa kwa miaka ishirini una thamani kubwa kuliko mradi mpana wa miaka miwili wenye boti tatu na vifaa vya gharama. Kabla ya kununua chochote, ulizeni kama kazi hiyo inaweza kuendelea mwaka ambao fedha za mfadhili hazipo, ikiwa na mtumbwi mmoja, watu wanne na galoni chache za mafuta. Jibu likiwa hapana, punguzeni vituo mpaka liwe ndiyo.

Mfano unaofaa kuigwa ni wa Ghuba ya Chesapeake nchini Marekani. Tangu mwaka 1954 jimbo la Maryland limekuwa likihesabu samaki wachanga wa spishi ya Morone saxatilis (kwa Kiingereza striped bass) kwa wavu wa kukokota wenye urefu wa mita 30.5, katika vituo 22, mara tatu kila kiangazi: Julai, Agosti na Septemba. Njia ni ya kawaida kabisa, lakini mfululizo wake ulisaidia kuamua uvuvi wa samaki huyo ufungwe katika jimbo hilo mwaka 1985 na ufunguliwe mwaka 1990. Mfululizo huo huo unaonyesha jinsi miaka inavyotofautiana: kipimo cha mwaka 2011 kilikuwa samaki 34.6 kwa mkokoto mmoja, na cha mwaka 2012 kikawa 0.9. Mtu aliyepima miaka hiyo miwili tu angetangaza maangamizi, ilhali mwenye rekodi ya miaka hamsini na minane aliweza kuona kwamba mabonde na vilima vya namna hiyo vilikuwapo hata zamani.

Vibali na makubaliano na vijiji

Wavu unaofaa kukamata samaki wa sentimita mbili ni, kwa sheria, wavu haramu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza makokoro na nyavu za macho madogo, na ni sawa zikatazwe, kwa kuwa ndizo zinazomaliza samaki hao hao tunaotaka kuwalinda. Hivyo hakuna mkokoto hata mmoja unaoruhusiwa kufanyika kabla ya kupata kibali cha maandishi kutoka mamlaka ya uvuvi. Kazi ikiwa ni ya utafiti, kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kitahitajika pia, na ni busara kuishirikisha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) tangu mwanzo ili takwimu zipate makao ya kudumu. Kwa kuwa mikoko yote ni hifadhi ya misitu, Wakala wa Huduma za Misitu nao wajulishwe. Nakala za vibali zifungwe katika mfuko wa plastiki na kubebwa ndani ya mtumbwi kila safari.

Barua za serikali hazitoshi zenyewe. Mvuvi aliyechomewa kokoro lake mwaka jana akiwaona watu wakikokota wavu wa macho madogo mbele ya kijiji chake, bila maelezo yoyote, ana haki ya kukasirika. Nendeni kwenye mkutano wa kijiji, elezeni kwamba samaki watarudishwa majini wakiwa hai, onyesheni wavu wenyewe, na waombeni BMU wachague wanakijiji watakaokuwa sehemu ya timu. Wazee wa delta wanajua mikono ya maji iliyofungwa na mchanga, iliyofunguka baada ya mafuriko, na iliyokuwa na kambamiti wengi kabla ya uvuvi wa meli za kambamiti kusimamishwa mwaka 2008. Maelezo yao yaandikwe, kwa sababu yatasaidia katika hatua inayofuata.

Kuchagua vituo

Gaweni eneo katika kanda tatu kwa kufuata chumvi ya maji: kanda ya juu, ambako maji huwa baridi muda mwingi wa mwaka, kanda ya kati, ambako chumvi hupanda na kushuka kwa kila bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida), na kanda ya mdomoni, karibu na bahari. Wekeni vituo vitatu katika kila kanda, ambavyo vitakuwa tisa kwa jumla. Idadi hiyo inaonekana ndogo, lakini inawezekana kuikamilisha kwa siku tatu za bamvua moja, kanda moja kwa siku, na hilo ni muhimu kuliko wingi.

Kituo kizuri kina ufukwe au ukingo unaoteremka polepole, sakafu ya mchanga au tope gumu ambayo mtu anaweza kuikanyaga bila kuzama kupita magotini, na hakina magogo wala mizizi ya kunasa wavu. Kiwe pia mahali ambapo wenyeji wanakubali kwamba mamba na viboko hawakai. Jambo hili lisichukuliwe kama tahadhari ya kwenye makaratasi, kwani katika kanda ya juu wanyama hao wapo, na kituo kimoja kizuri kwa takwimu hakina thamani ya mguu wa mtu. Penye shaka, chagueni pengine.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuchagua vituo mahali panaposifiwa kuwa na samaki wengi. Mahali palipo bora leo panaweza tu kuharibika au kubaki palivyo, kwa hiyo grafu itashuka hata kama delta nzima haijabadilika. Njia ya haki ni kuorodhesha mahali pote panapofaa katika kila kanda, tuseme kumi au kumi na tano, kisha kupiga kura ya vikaratasi mbele ya wote. Vituo viwili vya akiba kwa kila kanda vichaguliwe kwa kura hiyo hiyo, kwa kuwa delta huhama: ukingo hubomoka, kisiwa cha mchanga huibuka, na mto wenyewe umewahi kuupeleka mkondo wake mkuu upande wa kaskazini. Siku kituo kitakapopotea, cha akiba kitachukua nafasi yake, na tarehe ya badiliko hilo itaandikwa.

Chukueni viwianishi vya GPS vya kila kituo, pigeni picha nne za kuelekea pande nne, na choreni ramani ya mkono yenye alama ambazo mtu mgeni anaweza kuzitambua. Mti wa mchu uliopinda unaweza kukatwa, kwa hiyo alama moja haitoshi.

Siku, saa na maji

Fanyeni kazi kila mwezi. Wengine hushauri mara nne kwa mwaka ili kuokoa fedha, nami sikubaliani nao, kwa sababu kundi la kambamiti wachanga linaweza kuingia, kukua na kutoka katikati ya ziara mbili za namna hiyo, na rekodi ikaonyesha kwamba mwaka huo hapakuwa na kitu. Ni afadhali kupunguza vituo kuliko kupunguza miezi.

Ndani ya mwezi, chagueni bamvua, siku moja hadi tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na mshikilie chaguo hilo hilo daima. Wakati wa bamvua maji hutoka kabisa katika mikoko yanapokupwa, na samaki wachanga waliokuwa wametawanyika kati ya mizizi hulazimika kukusanyika kwenye mikono ya maji. Katika pwani yetu maji ya bamvua hufika chini kabisa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi, kwa hiyo kazi hufanyika mchana kweupe, jambo linalofaa kwa usalama. Anzeni mkokoto wa kwanza saa mbili kabla ya maji kufika chini, na msipite saa moja baada ya hapo.

Jihadharini na jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, ambalo ni sahihi kwa Dar es Salaam tu. Kadiri mnavyopanda mto ndivyo maji yanavyochelewa kukupwa, na uchelewaji huo hubadilika mto unapojaa masika. Katika mwezi wa kwanza simikeni mti wenye alama za sentimita katika kila kanda, mkae nao tangu maji kujaa hadi kupwa, na muandike saa. Mkifanya hivyo mara moja wakati wa kiangazi na mara nyingine wakati wa masika, mtapata jedwali lenu wenyewe.

Wavu

Wavu wa kukokota wenye urefu wa mita 20 na kimo cha mita 1.5 unatosha. Mbawa ziwe na macho ya milimita 6 na mfuko wa katikati uwe na macho ya milimita 3, maboya juu na risasi za kutosha chini ili ukingo wa chini usiinuke kwenye tope. Hapa pana jambo linaloharibu kulinganisha matokeo: wengine hupima jicho kutoka fundo hadi fundo, na wengine hupima jicho likiwa limenyooshwa, ambalo hutoa namba mara mbili ya ile ya kwanza. Vipimo vilivyotajwa hapa ni vya fundo hadi fundo, na neno hilo liandikwe katika daftari la wavu, pamoja na aina ya uzi, jina la duka, tarehe na uzito wa risasi kwa kila mita.

Nunueni nyavu tatu kwa wakati mmoja kutoka kwa fundi mmoja, mtumie moja na muhifadhi mbili mahali pakavu pasipofikiwa na panya wala jua. Wavu ukianza kuchakaa, msiutupe mara moja. Kwa angalau miezi sita kokoteni wavu wa zamani na mpya katika vituo vile vile, mkibadilishana upi utangulie, ili mjue kama wavu mpya unakamata zaidi au kidogo, na kwa kiasi gani. Bila hatua hiyo, mwaka wa kubadilisha wavu utageuka kuwa mwaka wa ongezeko la samaki katika grafu, na hakuna hesabu yoyote itakayoweza kutenganisha mambo hayo mawili baadaye. Matundu yashonwe jioni ile ile, kabla ya safari ya kesho.

Mkokoto wenyewe

Kabla mtu yeyote hajashuka majini, pimeni maji, kwa sababu miguu huchafua. Pimeni joto, kiwango cha chumvi, oksijeni kama kifaa kipo, na uangavu kwa sahani ya Secchi (sahani inayoshushwa majini mpaka isionekane). Kipima chumvi cha mkononi kisafishwe na kujaribiwa kila asubuhi kwa tone la maji yasiyo na chumvi, ambalo lazima lisomeke sifuri. Maji ya bahari yenyewe yatakaribia sehemu 35 kwa elfu. Andikeni pia saa, hali ya upepo, na kama mvua imenyesha usiku.

Kisha fuateni utaratibu huu bila kuubadilisha:

1. Funganisheni miti miwili ya mwisho wa wavu kwa kamba ya mita 12, ili upana wa mdomo wa wavu usizidi hapo kila unapokokotwa.
2. Watu wawili waingie majini mbali kidogo na sehemu ya mkokoto, wazunguke, na wasimame pale kina kinapofika kiunoni. Kisipite kifuani kwa mtu mfupi kuliko wote katika timu.
3. Watembee kwa kuburuta nyayo badala ya kuzinyanyua, ili taa aliyejifukia mchangani apate kukimbia kabla ya kukanyagwa.
4. Wakokote kuelekea ukingoni kwa mwendo wa kutembea, umbali wa mita 20 uliopimwa kwa kamba, ukingo wa chini ukigusa sakafu muda wote.
5. Wavu ukinasa au ukiinuka, mkokoto huo ufutwe na kuandikwa kuwa umefutwa, kisha urudiwe hatua chache pembeni baada ya nusu saa.
6. Samaki wote wamiminwe kwenye beseni lenye maji ya hapo hapo, chini ya kivuli.
7. Baada ya dakika 30 kokoteni mara ya pili mahali pale pale.

Samaki wa mkokoto wa kwanza wasiachiliwe mpaka wa pili umalizike, la sivyo mtawahesabu wale wale tena. Mikokoto miwili iandikwe katika fomu mbili tofauti na isijumlishwe mtoni. Eneo lililokokotwa ni mita 12 mara 20, yaani mita za mraba 240. Hivyo mkizi 60 katika mkokoto mmoja ni sawa na 25 kwa kila mita za mraba 100, na hicho ndicho kipimo cha kuripoti. Mkokoto usio na samaki ni matokeo kamili, uandikwe sifuri kwa kila spishi inayofuatiliwa. Nafasi iliyoachwa wazi haisomeki kama sifuri. Inasomeka kwamba hakuna aliyepima.

Kutambua, kupima na kurudisha

Hapa ndipo takwimu nyingi huharibika. Samaki mchanga mara nyingi hafanani na mzazi wake: Lutjanus argentimaculatus mdogo ana mistari myeupe inayoshuka ubavuni na michirizi ya buluu shavuni, ambayo hupotea anapokua akabaki mwekundu. Aina kadhaa za mkizi haziwezi kutenganishwa kwa macho zikiwa na sentimita tatu. Na majina ya wavuvi, ambayo ni sahihi kwa matumizi yao, mara nyingi hukusanya spishi nyingi katika jina moja, kama chaa, jina ambalo hujumuisha spishi kadhaa za jenasi ya Gerres. Kwa hiyo tengenezeni kitabu cha picha cha delta yenu wenyewe: kila aina ipigwe picha ikiwa hai kando ya rula, kwa urefu mbalimbali, na majina ya kienyeji na ya kisayansi yawekwe pamoja. Ambaye hamna uhakika naye aandikwe kwa kiwango mnachokiweza, kwa mfano "Mugilidae, spishi haijatambuliwa", Mugilidae ikiwa ni familia ya mkizi. Jina pana lililo sahihi linaweza kutumika miaka yote. Jina mahususi la kubahatisha haligunduliki wala halisahihishiki.

Vielelezo vichache vya kila aina vihifadhiwe mara moja kwa ajili ya wataalamu: kwanza katika formalini iliyochanganywa sehemu moja kwa maji sehemu tisa, baadaye vihamishiwe kwenye alkoholi ya asilimia 70. Kipande cha pezi kwa ajili ya vinasaba kiwekwe katika alkoholi kali, asilimia 95, kamwe si katika formalini. Chupa ya formalini isafirishwe mbali na chakula na maji ya kunywa, na ishikwe kwa glavu.

Pimeni samaki 30 wa mwanzo wa kila spishi kwa milimita, kisha waliobaki wahesabiwe tu. Hao 30 wasichaguliwe kwa jicho, kwa sababu mkono hukimbilia wakubwa. Koroga beseni taratibu na utumie kikombe au kichujio. Amueni mapema kama mtapima urefu kamili hadi ncha ya mkia au urefu wa hadi panda ya mkia. Mwatiko ana mkia uliogawanyika sana, na tofauti ya vipimo hivyo viwili kwake ni kubwa. Napendekeza urefu wa hadi panda kwa wenye mkia wa panda, na urefu kamili kwa wengine, huku orodha ya nani anapimwaje ikibandikwa kwenye ubao wa kupimia. Kambamiti wapimwe gamba la kichwani, kuanzia nyuma ya jicho.

Mikono iwe imelowa kabla ya kumshika samaki. Hongwe na tasi wana miiba yenye sumu hata wakiwa wadogo. Aliyechomwa atumbukize sehemu iliyoumia katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kisha apelekwe kituo cha afya kama uvimbe unaendelea. Maji ya beseni yabadilishwe kila baada ya dakika chache, kwani jua la saa tano huyapasha upesi na oksijeni hupungua. Samaki wakianza kuja juu kupumua, acheni kupima, hesabuni haraka na muwarudishe. Idadi ya waliokufa iandikwe, na ikiwa inaongezeka mwezi hadi mwezi, utaratibu wa mabeseni urekebishwe.

Fomu na jedwali

Andikeni kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka. Fomu ipigwe picha kwa simu kabla ya kuondoka kituoni. Mtu mmoja aingize takwimu kwenye kompyuta ndani ya juma moja, mwingine azisome kwa sauti kutoka kwenye fomu kulinganisha. Jedwali liwe na mstari mmoja kwa kila spishi katika kila mkokoto, na lisiwe na rangi, visanduku vilivyounganishwa wala maelezo ya pembeni ambayo programu nyingine haitaweza kuyasoma miaka kumi baadaye. Fomu za karatasi zisitupwe kamwe. Nakala moja ya takwimu ikae wilayani, nyingine TAFIRI, na ya tatu mahali pasipo jengo moja na hizo mbili.

Pamoja na takwimu kuwe na daftari la mabadiliko: wavu ulibadilishwa lini, nani alijiunga na timu, kituo kipi kilihamishwa, kwa nini mwezi fulani haukupimwa. Kwa mtu atakayechambua rekodi hizi miaka ishirini ijayo, daftari hilo litakuwa na thamani sawa na hesabu za samaki zenyewe.

Kusoma matokeo

Samaki wachanga hutembea makundi, kwa hiyo mkokoto mmoja mara nyingi huleta wengi kuliko mingine yote kwa pamoja. Tuseme mikokoto mitano imeleta mkizi 0, 3, 5, 8 na 984. Wastani wa kawaida ni 200, namba ambayo haifanani na mkokoto wowote kati ya hiyo mitano. Mkiongeza 1 kwa kila hesabu, mkazidisha zote, mkatafuta mzizi wa tano wa jibu (namba ambayo tano zake zikizidishwa pamoja hutoa jibu hilo) na kisha mkaondoa ile 1, mtapata takriban 10.6, kipimo kinachoeleza vizuri zaidi hali ya kawaida mtoni. Ripotini vyote viwili, lakini mwelekeo wa miaka ufuatwe kwa hicho cha pili, kila kanda peke yake.

Grafu ya urefu kwa kila mwezi ina faida nyingine. Kilima cha samaki wa milimita 25 kikionekana Machi, kikawa 45 Aprili na 60 Mei, mnaona kundi moja likikua ndani ya delta. Vilima vikionekana vya wadogo tu kila mwezi bila kusogea, huenda wanaingia lakini hawakai au hawaishi, na hilo ni onyo hata kama idadi ni kubwa.

Kabla ya miaka mitano msizungumzie mwelekeo. Elezeni mlichokipata, kiwekeni kando ya takwimu za wingi wa maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, na muangalie kama miaka ya masika makubwa inatofautiana na miaka ya ukame, na kama spishi za maji ya chumvi zinapanda kuelekea kanda ya juu. Hata hivyo, wanakijiji wasisubiri miaka mitano. Kila baada ya miezi sita rudisheni matokeo katika mkutano wa BMU, mkiwa na grafu kubwa ya karatasi, samaki waliochorwa na mwezi ulioandikwa kwa Kiswahili, na muwaulize wao wanaona nini. Mara nyingi mtu aliyekuwa mtoni usiku ndiye atakayeeleza kwa nini kituo fulani kilikuwa kitupu: wando (uzio wa kutegea samaki) mpya umejengwa mita mia juu yake, au mkono wa maji umefungwa kwa ajili ya shamba la mpunga.

Kurithisha kazi

Watu wote walioanza kazi hii wataondoka siku moja, kwa uhamisho, kustaafu au kuchoka. Katika kila safari awepo mwanafunzi mmoja wa ziada, ambaye kazi ingeweza kufanyika hata bila yeye. Anayeondoka afanye kazi na mrithi wake kwa bamvua zisizopungua tatu, na katika hizo kila mmoja apime samaki wale wale bila kuona namba za mwenzake, kisha walinganishe. Tofauti ikizidi milimita mbili kwa samaki wengi, au majina yakigongana, warudie mpaka wakubaliane, na matokeo ya jaribio hilo yabandikwe katika daftari la mabadiliko, yakiwa na tarehe na sahihi za wote wawili.